Upasuaji wa kongosho: kwa matundu, kwa wazi, na pale matundu yanapogeuzwa kuwa wazi

Ami yangu alipozinduka baada ya upasuaji, jambo la kwanza alilofanya ni kupitisha mkono chini ya shuka. Alikuwa ameambiwa atatoka na matundu matano, kila moja limezibwa kwa plasta. Mkono ukakuta bandeji iliyoanzia chini ya kifua ikateremka hadi kupita kitovu. Akanitazama, sauti bado haijamrudia sawasawa, akauliza: "Mwanangu, wamenikosea wapi?"

Hawakumkosea. Mimi ni muuguzi wa thieta hapa Mombasa, na ingawa hospitali aliyopasuliwa siyo ninayofanyia kazi, tuliomba kwa idhini yake tusomewe maelezo ya upasuaji. Daktari alianza kwa matundu, yaani kamera na vyombo vyembamba vinavyopitishwa kwenye vitobo vidogo tumboni, bila kulipasua tumbo lote. Baada ya kama saa moja na nusu akaona uvimbe umeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya kongosho. Akasimama, akafungua tumbo. Wakati huo hakukuwa na damu iliyomwagika. Ulikuwa uamuzi mzuri kabisa. Kilichokosekana ni maneno mawili matatu kabla ya siku hiyo: hakuna aliyewaambia wanawe kwamba jambo hilo lingeweza kutokea. Walikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi, saa zilizotajwa zimepita zamani, wakiamini baba yao anafia ndani.

Ndiyo maana jamaa wakinijia na swali la "tuchague matundu au wazi?" huwaambia njia ni tatu. Ya tatu ni kuanza kwa matundu na kufunguliwa katikati, na hiyo ndiyo inayotaka mazungumzo marefu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeichagua na bado inawapata wengi.

Uvimbe uko kichwani au mkiani?

Liulizeni hili kabla ya jingine lolote. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kiko upande wa kulia, kimekumbatiwa na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, na mrija wa nyongo unapita humo humo. Mkia unanyooka kushoto mpaka kwenye wengu. Mkia ukiondolewa, daktari anakata na kuziba, basi. Hakuna cha kuunganisha upya. Kichwa kikiondolewa, kinakwenda pamoja na duodeni, kibofu cha nyongo, kipande cha mrija wa nyongo, na mara nyingine sehemu ya tumbo la chakula. Kisha yanashonwa maungio matatu mapya: kongosho na utumbo, mrija wa nyongo na utumbo, tumbo la chakula na utumbo. Thieta huuita Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York, aliyeueleza mwaka 1935.

Kwa mkia, ushahidi unaegemea matundu bila kigugumizi. Waholanzi waliwagawa wagonjwa 108 kwa kura, wengine matundu na wengine wazi, na majibu yakachapishwa 2019. Wa matundu walirudia kujitegemea baada ya siku 4, wa wazi baada ya siku 6. Damu waliyopoteza ilikuwa kidogo zaidi, ingawa upasuaji wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi. Walioanza kwa matundu wakaishia kufunguliwa walikuwa asilimia 8. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine wa wagonjwa 258 waliokuwa na saratani ya upande huo, na matundu hayakuonekana kuacha mabaki ya saratani zaidi ya wazi. Kwa hiyo mkubwa wenu akiwa na uvimbe mkiani, usio mkubwa sana wala usiogusa mishipa mikuu, na daktari ameshazoea kazi hiyo, mimi ningesema matundu. Jambo la kuangalia hapo ni wengu: ikiwa utaondolewa pia, chanjo za kumkinga na vijidudu vya nimonia na homa ya uti wa mgongo zitolewe angalau wiki mbili kabla. Nimeona zikisahaulika.

Kichwa ni habari nyingine.

Michel Gagner na mwenzake Alfons Pomp waliandika habari za Whipple ya kwanza kwa matundu mwaka 1994, kutoka Montreal. Mwaka 1997 Gagner akaeleza wagonjwa wake 10 wa kwanza: 4 kati yao ilibidi wafunguliwe, na yeye mwenyewe hakuona faida kubwa ya kujisifia. Namheshimu kwa kuandika hivyo. Miaka ikapita, vyombo vikawa bora, madaktari wakajifunza, kisha Waholanzi wakajaribu tena kwa kura, wagonjwa 99. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kumalizika. Katika siku 90, waliofariki kutokana na matatizo ya upasuaji walikuwa 5 kati ya 50 wa matundu, na 1 kati ya 49 wa wazi. Idadi ni ndogo na huenda bahati mbaya ilichangia, lakini waliosimamia usalama hawakutaka kungoja zaidi, na waliopasua walikuwa madaktari waliofundishwa hasa kwa kazi hiyo.

Uchina ikaleta picha tofauti mwaka 2021. Hospitali 14, wagonjwa 656, na kila daktari alitakiwa awe ameshafanya angalau Whipple 104 kwa matundu kabla ya kuruhusiwa kushiriki. Vifo vikawa karibu sawa kwa pande zote mbili. Faida ya matundu? Kukaa hospitalini siku 15 badala ya 16.

Zisome tafiti hizo mbili kwa pamoja. Kwa mikono iliyozoea kupita kiasi, unaokoa kama siku moja ya kitanda. Kwa mikono inayoendelea kuzoea, huenda unahatarisha maisha. Wataalamu waliokutana Miami mwaka 2019 kuandika mwongozo walipendekeza hospitali inayotaka kufanya Whipple ya matundu iwe inafanya angalau 20 za namna hiyo kila mwaka. Basi muulize daktari kwa adabu: "Daktari, za matundu za kichwani umeshafanya ngapi, na mwaka jana zilikuwa ngapi?" Daktari mzuri hachukii swali hilo. Akikujibu "mimi za wazi ndizo nilizozoea," amekupa jibu la heshima na ningemwamini.

Kufungua kwa hiari na kufungua kwa kulazimika

Hapa ndipo ningependa msome polepole.

Tumbo la mgonjwa wa matundu hupulizwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa msukumo wa milimita 12 hadi 15 za zebaki, likavimba kama hema, ili kamera ipate nafasi. Daktari haoni tumbo, anaona skrini. Kwa kazi ya kutenganisha tishu taratibu, picha hiyo ni nzuri mno, hata kuliko macho matupu, kwa sababu inakuza. Lakini nyuma ya shingo ya kongosho unapita mshipa mkubwa unaokusanya damu ya matumbo kuipeleka kwenye ini. Daktari lazima achimbe njia kati ya kongosho na mshipa huo. Ukichanika, damu inaruka kwenye lenzi na skrini yote inakuwa nyekundu. Unaingiza mashine ya kufyonza. Na hapa kuna jambo ambalo aliye nje ya thieta hawezi kulikisia: mashine hiyo haifyonzi damu peke yake, inafyonza na gesi. Kadiri unavyoondoa damu ndivyo hema linavyonywea, na nafasi ya kuona inapungua wakati unapoihitaji zaidi.

Timu iliyojitayarisha inafanya nini? Daktari anasukuma kitambaa cha shashi kupitia tundu na kukandamiza pale pale. Anatulia. Anamwambia daktari wa usingizi ajiandae, damu iliyohifadhiwa inaletwa, msaidizi wa pili anavaa glavu. Pembeni pangu, juu ya meza ya pili, seti ya kufungua tumbo imefunikwa tangu asubuhi, vyombo vyote vimeshahesabiwa: visu, vibanio vya mishipa, vyuma vya kushikilia kidonda, uzi mwembamba wa kushonea mshipa. Kitambaa cha kijani kinaondolewa. Mkono wa msaidizi haujatoka kwenye lile shashi. Tumbo linafunguliwa wakati damu tayari imezuiwa.

Timu isiyojitayarisha, mtu anatumwa kukimbilia seti stoo.

Huko ndiko kufungua kwa kulazimika. Tafiti za Ulaya zilizofuatilia wagonjwa wa mkia zimeonyesha kwamba waliofunguliwa kwa dharura, hasa kwa damu, hupata matatizo makubwa zaidi baadaye kuliko waliofunguliwa kwa sababu daktari aliona mapema kwamba njia haipitiki. Kufungua kwa hiari ni kule alikofanyiwa ami yangu: uvimbe umegandia, au makovu ya upasuaji wa zamani yamefunga njia, au daktari hana uhakika ni mshipa upi anaouona, au saa zinakwenda bila hatua kupigwa, au moyo na mapafu ya mgonjwa hayaistahimili gesi. Akaamua kabla chochote hakijachanika.

Ukilinganisha aliyefunguliwa kwa hiari na aliyepasuliwa wazi tangu mwanzo, tofauti aghalabu ni muda: wa kwanza alikaa zaidi katika usingizi, na gharama yake imepanda. Kidonda ni kile kile. Ndiyo maana sioni ubaya wa kuanza kwa matundu ikiwa daktari ana mpaka wake na anaufuata. Muulize mpaka huo ni upi. Wapo wanaosema, "Nikishafika nyuma ya shingo ya kongosho nikaona mshipa umeshikwa, nafungua." Wapo wenye saa: hatua fulani ikifika muda fulani haijaisha, wanafungua. Jibu lolote la namna hiyo ni zuri. Jibu la kuogopa ni "usijali, hatutafika huko." Mtu anayeona kufungua ni aibu atachelewa kufungua.

Nani ana uwezekano mkubwa wa kufunguliwa

Mwenye uvimbe mkubwa, au unaogusa mishipa mikuu kwenye skani ya CT. Aliyewahi kuugua kongosho kwa muda mrefu, maana tishu zinakuwa ngumu na zimegandana. Mwenye mafuta mengi ndani ya tumbo, ambayo hayaonekani kila mara kwa nje. Aliyewahi kupasuliwa tumbo. Ikiwa mgonjwa wenu ana mawili au matatu kati ya hayo na uvimbe uko kichwani, sioni sababu ya kumzungusha: wazi tangu mwanzo, na muda wa usingizi uwe mfupi.

Hata hivyo kamera ina kazi moja ambayo ningeitetea hata kwa mgonjwa kama huyo. Kabla ya kupasua tumbo lote kwa ajili ya saratani, daktari anaweza kutoboa tundu moja au mawili na kuchungulia kama kuna vijidonda vidogo vya saratani juu ya ini au kwenye utando wa tumbo ambavyo skani haikuviona. Vikiwepo, Whipple haitamsaidia, na mgonjwa ameepushwa na kidonda kikubwa cha bure. Ulizeni kama litafanyika.

Kuna pia njia ya kati, ambayo haisemwi sana: kutenganisha kwa matundu, kisha kukata kwa ufupi juu ya tumbo na kushona yale maungio matatu kwa mikono. Kwa vyovyote hata mgonjwa wa matundu hukatwa sentimita chache ili kipande kilichoondolewa kitolewe ndani ya mfuko. Kwa hiyo "matundu tu" si kweli kamili kwa mtu yeyote. Roboti nayo ipo ng'ambo, na kumbukumbu kubwa za huko zinaonyesha hufunguliwa wachache zaidi kuliko kwa kamera ya kawaida. Lakini ikibidi kufungua kwa haraka, lazima kwanza mikono ya mashine iondolewe juu ya mgonjwa.

Nyumbani, baada ya wiki tatu

Kwa wanaoishi Likoni huwa nawaambia wapime kupona kwao kwa mteremko wa kushukia feri. Aliyetoka na matundu yakaenda sawa atateremka na kupanda pole pole, akisimama mara moja au mbili. Aliyefunguliwa atataka mtu wa kumshika mkono, atakohoa huku ameshikilia mto tumboni, na kubeba ndoo ya maji asahau kwa wiki nyingi, maana kidonda kirefu kinaweza kuachia ngiri baadaye. Maumivu ya siku za mwanzo humfanya apumue juu juu, na mapafu yasipojazwa vizuri hushika nimonia. Kwa hiyo aliyefunguliwa mlazimisheni kuketi, kutembea ukumbini, kuvuta pumzi ndefu, hata akikasirika. Ami yangu alinikasirikia sana. Siku ya nne alitembea hadi dirishani bila kuambiwa.

Kuna mambo ambayo njia haiyabadilishi, na watu huyasahau wakashangaa. Kongosho lililokatwa linaweza kuvuja maji yake makali, kwa matundu na kwa wazi vilevile. Ndiyo sababu ya ule mrija wa mpira unaotoka ubavuni, wa kutolea maji hayo. Siku ya 3 maji yake hupimwa amilesi, kimeng'enya cha kusaga chakula kinachotengenezwa na kongosho. Ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, madaktari wanaanza kufuatilia uvujaji. Mpira usivutwe, usikunjwe, na rangi ya maji iangaliwe kila siku. Yakigeuka mekundu ghafla, hata ikiwa mmesharudi nyumbani, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Sukari pia inaweza kupanda, kwa kuwa sehemu ya kiwanda cha insulini imeondolewa. Na chakula: kongosho likipungua, mafuta hayasagwi vizuri. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, kuku wa kupaka, vyote vinapita na kutoka choo cheupe chenye mafuta kinachoelea na kunuka. Tiba yake ni vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, si kabla wala baada. Shangazi yangu alimnyima mumewe nazi kwa miezi miwili akidhani ndiyo inayomdhuru, naye akazidi kukonda, kumbe alikuwa anameza vidonge asubuhi kama vya presha.

Pesa na safari

Kwa matundu, vifaa vingi hutumika mara moja na kutupwa: stepla za kukatia na kuziba, vyombo vya kuunguza mishipa. Ukifunguliwa katikati, umelipia hivyo na umelipia vya kufungua pia. Tangu Oktoba 2024 hapa Kenya tuna SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, badala ya NHIF, na bima binafsi zina taratibu zao. Kokote mliko, ulizeni ofisi ya malipo kabla ya siku ya upasuaji: idhini ya awali imeandikwa upasuaji gani, na ukigeuzwa katikati nani analipa tofauti? Mpate jibu kwa maandishi. Ulizeni pia damu: painti ngapi zinatakiwa, na ndugu wangapi waende kuchangia mapema.

Mkipewa barua ya kwenda Nairobi, msione mmefukuzwa Mombasa. Kwa upasuaji huu, pahali panapofanya nyingi ni dawa yenyewe. Treni kutoka Miritini inakwenda saa tano au zaidi; mgonjwa anaweza kwenda nayo, lakini kurudi apewe nafasi ya kupumzika huko siku kadhaa baada ya kuruhusiwa, karibu na walio na faili lake. Uvujaji huweza kujitokeza baada ya wiki, na basi la usiku lililofika Voi halina daktari wa kongosho.

Kama ningekuwa mimi

Uvimbe mkiani, mdogo, daktari mzoefu: matundu. Uvimbe kichwani umegusa mshipa, au nimewahi kupasuliwa tumbo: wazi, kwa daktari aliyefanya nyingi za wazi, baada ya kuchungulia kwa kamera. Uvimbe kichwani, uko peke yake, na daktari ana idadi kubwa ya kunitajia: ningekubali aanze kwa matundu, lakini kwenye fomu ya idhini yaandikwe waziwazi maneno "na kufungua tumbo ikihitajika", nisomewe kwa Kiswahili, na aniambie mpaka wake.

Na ningeandika chini ya sahihi yangu namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani, anayejua mambo yote haya, apigiwe dakika ile ile kisu kikiamuliwa. Wana wa ami yangu walikuwa na simu zao mkononi siku nzima.